Upara wa Kilima

Mbuzi wetu Waziri hachagui:
amekula kamba, amekula kofia ya mlinzi,
amekula daftari langu la hesabu,
zile kurasa za kugawanya tu.
Lakini kilima kile, nyuma ya Ruashi,
alikinusa, akapiga chafya, akageuka.

"Chola," akasema shangazi Mwewa, "mbuzi ameona kitu."

Tukapanda.
Chini miti imesongamana, juu hakuna hata mmoja:
upara mtupu,
kama kichwa cha baba akivua kofia ya kazi.
Mawe yana ukijani, ule wa sarafu ya zamani.
"Shaba," akasema. "Udongo huu umeshiba shaba.
Mti wa kawaida ukitia mzizi hapa
unanyauka huku mvua inaunyeshea."

Ila pale, katikati ya mawe, maua!
Madogo, ya zambarau, mamia,
yamesimama kama watoto waliofika shule siku ya likizo.

"Nani aliyafundisha?"

"Hakuna. Sikiliza.
Zamani upepo ulimwaga mbegu hapa. Zikafa.
Ukamwaga tena. Zikafa.
Ukamwaga, zikafa, ukamwaga, zikafa,
mpaka mwaka fulani, kati ya maelfu,
moja ikawa imezaliwa na ajabu yake:
iliweza kuifungia sumu pembeni, isiidhuru.
Haikuchagua. Haikujitahidi kuliko dada zake.
Ilizaliwa hivyo tu, kama wewe na pengo lako.
Ikaota, ikazaa, watoto wakarithi.
Ajabu ya mmoja ikawa desturi ya ukoo."

"Na jani lenye shaba, shangazi, lina ladha gani?"
"Muulize Waziri."
Chini kule, Waziri akasema mee.

Tulishukia upande ulioungua mwezi wa nane.
Jivu, jivu, jivu.
"Nitafutie panzi," akasema.
Nikatafuta hadi shingo ikauma.
Kisha kipande cha jivu kikaruka!
Kilikuwa na miguu, na macho, na hasira kidogo.
"Kabla ya moto alikuwa rangi ya nyasi kavu.
Nyasi zikawa makaa, naye siku kwa siku akawa makaa,
kipanga apite juu asione chakula."

Nikasogea nimwone vizuri.
"Taratibu! Unakanyaga mti."
Mti? Niliona majani matano tu, mekundu, hayafiki goti.
"Shina lake limelala chini ya ardhi.
Huku juu linatoa vidole tu.
Moto ukija unachoma vidole,
nalo linanyoosha vingine."
Nikauomba radhi. Shangazi hakucheka.

Sasa niseme la kweli: niliiba ua moja.
Nilifika nalo Katuba, na mizizi yake,
nikalipanda kwenye kopo la maziwa.
Udongo mweusi, laini, samadi ya Waziri mwenyewe,
maji asubuhi, maji jioni.
Siku ya tisa likainama.
Ukungu mweupe ulikuwa umeliingia shingoni.

"Kwenye shaba ukungu huo haufiki," akasema shangazi.
"Udongo mtamu nao una maadui zake,
na ua lako halikuwahi kujifunza kupigana nao."
Aliyeishinda sumu, samadi ikamshinda.

Jioni ile baba akarudi kutoka shimoni,
mikono yake rangi ya kile kilima.
"Shangazi, baba naye atazoea?"

Alikaa kimya. Bukari ikatokota peke yake.
"Ua lilipoteza mbegu ngapi kabla ya ile moja?"
"Maelfu."
"Sisi baba tunaye mmoja."

Akanipa sabuni, akanipa beseni.
Baba akanawa hadi viwiko, akanawa tena,
maji yakageuka kijani.
Nikaenda kuyamwaga
mbali sana na mchicha.